Kijiti cha Pamba Kutoka Majengo

Mji wa Kenya usio na Majengo, huo ni mji wa juzi. Mombasa ina Majengo yake, Nairobi ina ya Pumwani, Nanyuki nayo ina yake, na ukiuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki utayakuta mawili kwenye barabara moja: Majengo ya Embu na Majengo ya Meru. Mitaa ya namna hii ilizaliwa kando ya boma. Waingereza walipiga kambi Embu mwaka 1906. Miaka miwili baadaye E. B. Horne akafungua kituo cha Meru, na nyuma ya maboma kama hayo wakakaa waliolifuata dola: askari, wapagazi, wachuuzi, mafundi cherehani, watu wa pwani na Waislamu wa bara, wakasikilizana kwa Kiswahili kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine iliyowatosha wote. Mitaa ya wageni waliochanganyika huwa ya kwanza kushukiwa gonjwa la kuambukiza linapoingia mjini, na ya mwisho kuambiwa kipimo kilichotumika kuishuku kilipatikanaje. Nataka kulishughulikia hilo la pili. Nadai kwamba kipimo cha kirusi cha mfumo wa hewa hakihakikiwi mara moja, katika mji wa mbali, kikatosha kwa dunia nzima; huhakikiwa upya kila kinapofika, na historia ya upimaji katika Kenya na jirani zake inaonyesha kuwa kila tulipoliruka sharti hilo tulipata majibu yenye sura ya uhakika tu.

Kuhakiki kipimo ni nini hasa? Ni kukiuliza swali ambalo jibu lake unalijua tayari. Unakipa sampuli ambazo huna shaka zina virusi, uone kama kitaziona zote. Unakipa zisizo na virusi, uone kama kitanyamaza. Zile zenye virusi unazizimua mara kumi, mara mia, mara elfu, uone kinaanza kupofuka wapi. Halafu unakitegea ndugu wa kirusi unachokitafuta, wale wanaoleta mafua ya kawaida, uone kama kitawafananisha. Mwenye bucha wa Majengo anaijua kazi hii hata kama hajawahi kuingia maabara. Mizani yake haikubaliki kwa sababu tu ilitoka kiwandani ikiwa nzima. Afisa wa vipimo na mizani huja na mawe yake ya uzito unaojulikana, huyaweka juu ya sahani, hutazama mshale unasimama wapi, ndipo hupiga muhuri, na mwaka ukiisha hurudi. Hakuna anayemwambia afisa huyo kwamba anakitukana kiwanda.

Mwaka 1918 hapakuwa na mizani yoyote. Homa ya mafua iliyozunguka dunia ilishuka Mombasa kwa meli, ikapanda reli, na kutoka vituo vya reli ikaenda kwa miguu ya watu, maana Embu na Meru hazikuwa na reli wakati huo wala hazina leo. Iliikuta nchi imechoka. Mwaka uliotangulia vijana wa bara walikuwa wamezolewa kwa maelfu kwenda kubeba mizigo ya vita, ile Kariakoo iliyoacha jina Nairobi na Dar es Salaam, na waliosalimika ndio kwanza walikuwa wanarudi makwao. Hata hospitali ya misheni ya Waskoti iliyoko Chogoria, katikati ya miji hii miwili, haikuwapo; Dk. Archibald Irvine alihamia huko mwaka 1922. Kipimo kilikuwa jicho, sikio la kusikiliza kikohozi, na kiganja juu ya paji la uso.

Lakini tusidhani kwamba waliokuwa na maabara walijua zaidi. Tangu 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alikuwa amewashawishi wenzake kwamba mafua husababishwa na bakteria aliyoiona katika makohozi ya wagonjwa wake, na ugonjwa ulipolipuka 1918 wataalamu wa Ulaya na Marekani waliitafuta bakteria hiyo kama alama ya mafua. Wengine waliipata. Wengine hawakuipata hata katika mapafu ya watu waliokufa kwa mafua yenyewe, na badala ya kukitilia shaka kipimo wakajitilia shaka wenyewe, kwamba labda hawajui kuiotesha vizuri. Ni mwaka 1933 ndipo Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, huko London, walipoonyesha kwamba chanzo ni kirusi, kitu kidogo kiasi cha kupenya kichujio kinachoizuia bakteria. Kwa miaka 40 kipimo kilikuwa kimehakikiwa kwa heshima ya aliyekibuni. Kisa hiki kinaihusu Majengo kuliko kinavyoonekana, kwa sababu heshima ya jina la mtengenezaji ndiyo hoja ya kwanza utakayoisikia hadi leo ukiuliza kwa nini kipimo fulani kiaminiwe.

Kenya ilianza kujiuliza maswali yake yenyewe polepole. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ilianzishwa 1979. Kituo chake cha Kilifi, kwa ushirikiano na Wellcome Trust, kikafuata 1989 na kwa miaka mingi kikachunguza virusi vinavyowabana vifua watoto wachanga. Kuanzia 2007 ufuatiliaji wa mafua wa kitaifa ukawekwa katika hospitali za mikoa, na Embu ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Kwa hiyo mafua ya H1N1 yalipoingia nchini katikati ya 2009, zilikuwapo maabara zilizokwisha kuzoea kukitafuta kirusi kwa PCR, ile njia ya kuzidisha kipande cha jeni mara mabilioni hadi kionekane. Ni vizuri kulikumbuka hili, kwa sababu masimulizi ya korona mara nyingi huanza kana kwamba nchi ilikuwa gizani kabisa hadi 2020.

Hata hivyo, kirusi kipya hudai kipimo kipya, na mwishoni mwa Januari 2020 Nairobi ilipomshuku mwanafunzi aliyetua kwa ndege kutoka China, sampuli yake ilibidi isafirishwe hadi Afrika Kusini. Afrika nzima ilikuwa na nchi mbili tu zenye uwezo wa kukipima kirusi hicho, hiyo na Senegal. Jibu lilirudi baada ya siku kadhaa: hana. Wakati huo huo kikundi cha Victor Corman na Christian Drosten cha hospitali ya Charité, Berlin, kilikuwa kimechapisha, tarehe 23 Januari, utaratibu wa kipimo ambao maabara nyingi duniani ziliufuata. Sehemu moja ya kazi yao husahaulika. Walikihakiki kipimo bila kuwa na kirusi chenyewe mkononi wala sampuli ya mgonjwa yeyote wa Wuhan. Walikuwa na mfuatano wa jeni uliotolewa hadharani na Wachina, walikuwa na kirusi cha SARS cha 2003 kilicho ndugu wa karibu, na walikuwa na akiba ya sampuli za wagonjwa wa mafua mengine ya kukitegea. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, nao wenyewe hawakuficha mipaka yake. Ila tafsiri yake ni kwamba uhakiki uliotoka Berlin ulikuwa nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilipaswa kufanywa na kila aliyeupokea utaratibu huo, kwa mashine yake, kwa kemikali zake, kwa wagonjwa wake. Na kemikali hazikuwa za aina moja. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alipotangazwa, 13 Machi 2020, msaada wa vifaa ulikuwa unaanza kumiminika, na mfuko wa Jack Ma peke yake uliipa kila nchi ya Afrika vifaa vya vipimo 20,000. Kila shehena kutoka mtengenezaji mwingine ni mizani nyingine inayohitaji mawe ya afisa.

Sasa tuishike sampuli yenyewe. Watu huiita kijiti cha pamba, lakini pamba imebaki kwenye jina tu: pamba halisi na kijiti cha mti vinaweza kuvuruga kipimo, hivyo hutumika uzi wa sintetiki kwenye mpini wa plastiki. Kijiti huingizwa puani, si kwa kwenda juu bali kwa kwenda nyuma, sambamba na kaakaa, hadi kigonge ukuta ambako pua inakutana na koo. Huzungushwa polepole, macho ya anayepimwa yanatoka machozi, kisha hutumbukizwa katika kichupa chenye majimaji ya rangi ya waridi na kuvunjwa pale penye alama. Jina, umri na namba huandikwa kwa kalamu. Kuanzia hapo saa inakimbia: kichupa kikae kati ya nyuzijoto 2 na 8, na kisizidi saa 72 kabla ya kufanyiwa kazi, la sivyo kigandishwe hadi 70 chini ya sifuri, na friji ya namna hiyo haimo katika zahanati ya mtaa. Kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, kwa Chuka, Embu, Makutano na Thika. Kwa gari ni saa chache tu. Lakini kasha la barafu halisafiri na kichupa kimoja. Husubiri vingine vijae, husubiri gari, na likifika Nairobi vichupa vyake hupanga foleni, na katikati ya 2020 foleni hizo zilirefuka kwa sababu kemikali zilikuwa zinaisha. Nyuzi za jeni za kirusi ni dhaifu mno zikipata joto. Mashine ikiletewa kichupa kilichopoteza mali yake njiani itasema hapana kirusi, na itasema hivyo kwa sauti ileile inayotumia kumwambia mtu mzima kwamba ni mzima. Ndiyo maana nasema uhakiki unaoanzia mezani pa maabara umeacha kilomita 200 nje ya hesabu. Kujua kipimo cha Nairobi kinafaa kiasi gani kwa mtu wa Majengo ya Meru, ingebidi sampuli ambazo majibu yake yanajulikana zipakiwe Meru, katika kasha lilelile, zingoje gari lilelile, kisha zipimwe kama nyingine zote.

Atakayepinga atauliza: Shirika la Afya Duniani limekwisha kupitisha kipimo, mtengenezaji ameweka takwimu zake kwenye karatasi, kuna haja gani ya nchi yenye madaktari wachache kurudia kazi ya wengine? Swali ni la haki, na Kilifi ililijibu kwa vitendo. Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI-Wellcome walitaka kujua Wakenya wangapi walikuwa wamekwisha kupatwa na kirusi bila kujua, wakapima kingamwili katika damu ya watu 3,098 waliojitolea damu kati ya Aprili na Juni. Kipimo cha kingamwili kina hatari yake: damu ya mtu aliyekulia kwenye malaria na mafua ya kila aina inaweza kumshika mgeni asiyekuwapo. Wao hawakulichukua neno la Ulaya. Walitoa kwenye majokofu yao damu za Wakenya zilizohifadhiwa kabla korona haijazaliwa, damu ambazo haziwezi kuwa na kingamwili ya korona hata zikitaka, na kuzipitisha katika kipimo waone ni ngapi zitasema uongo. Wakajua kiasi cha uongo huo, na wakakiondoa kwenye hesabu. Damu zilizoonyesha kingamwili zilikuwa 174, yaani asilimia 5.6; baada ya kurekebisha kwa makosa ya kipimo na kwa jinsi wachangia damu wasivyofanana na umma mzima, jibu la taifa likawa asilimia 4.3. Tofauti ya asilimia 1.3 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba katika nchi ya watu karibu milioni 50 ni mamia ya maelfu ya watu ambao, bila hesabu hiyo, tungeapa kwamba wameugua. Kilichowezesha kazi hiyo ni damu kuukuu. Friji iliyojazwa miaka ya nyuma, bila mtu kujua itakuja kufaa lini, ndiyo iliyokuwa jiwe la mizani.

Mpinzani mwingine ana silaha kali zaidi, nayo ni papai. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli wa Tanzania alieleza kwamba sampuli zisizo za binadamu zilikuwa zimepelekwa kwa siri katika maabara kuu ya taifa zikiwa na majina na umri wa watu, na kwamba papai, mbuzi na kware walirudi wakiwa na korona, ilhali oili ya gari haikuwa nayo. Mkuu wa maabara akasimamishwa, kamati ikaundwa, na takwimu za nchi zikaishia kwenye wagonjwa 509. John Nkengasong, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya udhibiti wa magonjwa ya Umoja wa Afrika, alikanusha kwamba vipimo vina kasoro, akisema vilikuwa vimehakikiwa. Ndipo mpinzani anaposema: mnaona madhara ya kuwafundisha watu kuvitilia shaka vipimo? Afadhali kunyamaza.

Kwangu kisa hiki kinathibitisha kinyume chake. Kuitegea maabara sampuli bila kuiambia si dhambi. Maabara zinazojiheshimu hupokea mitego ya namna hiyo kutoka nje mara kadhaa kwa mwaka, nazo hulipia huduma hiyo. Ila mtego una kazi pale tu mtegaji mwenyewe anapojua alichokitega. Papai lilishikwa na mikono ya nani? Kijiti kilifunguliwa katika chumba gani, na nani alikuwa akipumua juu yake? Katika utaratibu uliotungwa na taasisi ya CDC ya Marekani kuna kipimo kidogo cha pembeni kinachotafuta jeni ya binadamu, RNase P, kuhakikisha kwamba kijiti kiligusa mtu kweli. Papai safi lingekosa jeni hiyo, na majibu yake yangetupwa kwa kuwa hayana maana. Papai lenye jeni hiyo lingetuambia kwamba mabaki ya mtu yalifika juu yake, na pengine kirusi chake pia. Kwa vyovyote tungekuwa na uzi wa kufuata: kama si uchukuaji, ni usafirishaji; kama si usafirishaji, ni meza ya maabara. Na lile la oili kukosa kirusi, ambalo wengi walilipita, linaonyesha kwamba mashine haikuwa ikiitikia ndiyo kwa kila ilicholetewa. Kwa hiyo jibu la Nkengasong nalo halikutosha. Kipimo kuwa kimehakikiwa kiwandani si jibu la swali kuhusu kilivyofanya kazi Dar es Salaam wiki ile. Pande zote mbili zilitumia neno moja, kipimo, mmoja ukimaanisha chupa za kemikali na mwingine ukimaanisha safari nzima kuanzia puani hadi kwenye karatasi ya majibu. Mwezi huohuo, mpakani Namanga, madereva wa malori wa Tanzania walioambiwa na Kenya kwamba wana virusi walipimwa tena upande wa Arusha wakaambiwa hawana. Jirani wawili wasiokuwa na sampuli za pamoja za kupatanisha mizani zao wangegombana kwa lolote.

Iko hoja ya haraka, na siidharau: nyumba inawaka moto, wewe unapima urefu wa ndoo. Lakini tazama kilichotokea Marekani Februari 2020, nchi isiyokosa fedha wala wataalamu. CDC ilituma vifaa vyake kwa maabara za majimbo, nazo kabla ya kuvitumia kwa wagonjwa zikavijaribu, na nyingi zikakuta sehemu moja ya kipimo inaonyesha kirusi hata katika maji matupu. Wiki kadhaa zikapotea. Wapo wanaosema jaribio lile ndilo lililochelewesha nchi. Mimi nasema kilichochelewesha ni ubovu wa vifaa na kanuni zilizozizuia maabara nyingine zisitumie vyao. Jaribio lenyewe lilikuwa la siku chache kwa sampuli chache, nalo ndilo lililowaokoa watu wasiambiwe ni wagonjwa kwa ajili ya maji.

Kisha kikaja kipimo cha haraka, kile cha kipande cha plastiki chenye mistari miwili, na ilionekana kwamba barabara ya Nairobi imefutwa: kijiti, matone, na jibu mle mle zahanati. Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha chini mwaka 2020: kipimo kione wagonjwa wasiopungua 80 katika 100, na kisiwasingizie wazima zaidi ya 3 katika 100. Ni namba nzuri kusikia. Tuzipeleke Majengo. Tuseme watu 1,000 wamepimwa wakati ugonjwa ni haba, na wenye kirusi ni 10. Kipimo kitawapata 8, na kati ya wazima 990 kitawasingizia kama 30. Yaani katika kila watu watano watakaoambiwa wanacho, karibu wanne hawana. Kipimo kilekile, wimbi likipanda na wagonjwa wakiwa 200 katika 1,000, kitawapata 160 na kuwasingizia 24, na hapo neno lake lina uzito. Hakuna kilichobadilika ndani ya plastiki. Kilichobadilika ni mtaa. Wakazi wa Eastleigh, Nairobi, waliokwepa kupimwa Mei 2020 kwa kuogopa karantini waliyosikia ingewagharimu wenyewe, hawakuwa na hesabu hii mkononi, lakini walijua kwamba jibu lina bei na ni wao watakaoilipa.

Na barabara haikufutwa, imehamia ndani ya boksi. Karatasi ya maelekezo ya vipimo vilivyotumika zaidi inataka vihifadhiwe kati ya nyuzijoto 2 na 30, na mstari usomwe kuanzia dakika ya 15. Ukisahauliwa kwa muda mrefu, kivuli cha mstari wa pili kinaweza kujichora chenyewe. Meru, mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, boksi linaweza kukaa juu ya kabati mwaka mzima bila kudhurika. Literemshe Isiolo, mwendo wa saa moja hivi, liache nyuma ya gari lililoegeshwa juani adhuhuri huku muuguzi mmoja akihudumia foleni ya watu 40 na saa ya ukutani imesimama.